MADA YA 9: KUENDESHA PROGRAMU MOJA YA KIOLESURA CHA PICHA BILA ENEOKAZI KAMILI

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:

(a) kutaja matabaka yanayowezesha picha kuonekana kwenye skrini na kueleza kazi ya kila tabaka;
(b) kutofautisha seva ya X, kisimamizi cha madirisha na mazingira ya eneokazi;
(c) kusoma na kuandika faili fupi la `.xinitrc`;
(d) kueleza faida na hasara za kompyuta inayoendesha programu moja tu;
(e) kujibu swali la hali halisi kwa hoja zinazopangika.

9.1 Utangulizi

Tuchukulie hali ifuatayo. Ni mwezi Oktoba, msimu wa korosho umefunguliwa katika chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Wakulima wamepanga magunia mbele ya mizani. Karani ana kompyuta moja ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 1. Kazi yake ni kuingiza jina la mkulima, daraja la korosho na uzito, kisha kuchapa stakabadhi. Kompyuta inachelewa kuwaka. Ikishawaka, programu ya stakabadhi inagandaganda. Mara unatokea ujumbe wa kusasisha mfumo, mara dirisha la kazi limefunikwa na dirisha jingine. Foleni inazidi kurefuka.

Uzito unaoingizwa hapo ni mali ya mtu. Korosho za Mtwara zilianza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani katika msimu wa 2007/2008, chini ya Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005. Mkulima akikabidhi magunia hapewi fedha papo hapo, anapewa stakabadhi. Korosho huenda ghala kuu, huuzwa mnadani, na malipo hufuata baadaye. Katika msimu wa 2024/2025 minada yenyewe iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwa hiyo kilo ambayo haikuandikwa chamani haitalipwa. Tukichukulia bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, gunia moja la kilo 80 likirukwa mkulima anapoteza shilingi 240,000.

Swali: kompyuta hii ifanyweje? Watahiniwa wengi hukimbilia jibu la "inunuliwe kompyuta mpya". Jibu hilo halina alama nyingi kwa sababu halionyeshi kwamba umeelewa tatizo liko wapi. Kompyuta hii inabeba mzigo ambao kazi ya karani haiuhitaji. Ukijua skrini imejengwa kwa matabaka gani, utajua lipi linaweza kuondolewa na lipi haliwezi, na pia utajua ukiliondoa unapoteza nini.

Mbinu hii haikubuniwa kwa ajili ya kompyuta kongwe tu. Mashine ya ATM ni kompyuta ambayo ndani yake kuna mfumo endeshi wa kawaida, lakini mteja haoni aikoni wala menyu ya mfumo. Anaona programu moja tangu anapoingiza kadi hadi anapoondoka.

9.2 Matabaka ya skrini

Katika kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Linux, matabaka kuanzia chini kwenda juu ni haya:

| Tabaka | Kazi yake | Laweza kuondolewa? |
|---|---|---|
| 1. Vifaa | Prosesa, RAM, skrini, kibodi, kipanya | Hapana |
| 2. Kiini cha mfumo endeshi | Kuongoza vifaa na kugawa RAM | Hapana |
| 3. Seva ya X | Kuchora kwenye skrini na kupokea mibofyo ya kibodi na kipanya | Hapana, kama programu inategemea X |
| 4. Kisimamizi cha madirisha | Kupanga madirisha: mahali, ukubwa, fremu, lipi liko mbele | Ndiyo, kwa masharti |
| 5. Mazingira ya eneokazi | Menyu, upau wa kazi, aikoni, mandhari, arifa, kufunga skrini | Ndiyo |
| 6. Programu | Kazi yenyewe | Hapana |

Mfano wa kukusaidia kukumbuka: fikiria gulio. Seva ya X ni kiwanja, na bila kiwanja hakuna biashara. Kisimamizi cha madirisha ni mtu anayewaonyesha wauzaji nani aweke meza wapi. Mazingira ya eneokazi ni mabanda, mabango, taa na vipaza sauti. Siku ambayo muuzaji ni mmoja tu, mabanda hayahitajiki, na hata mwonyesha nafasi anaweza kupumzika. Kiwanja lazima kiwepo.

Historia inathibitisha jambo hili. Mfumo wa X ulianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani, na toleo la X11, ambalo ndilo msingi wa X ya leo, lilitoka mwaka 1987. Mazingira ya eneokazi yanayofahamika sana kwenye Linux yalifuata baadaye: mradi wa KDE ulianza mwaka 1996 na GNOME mwaka 1997. Hivyo X ilifanya kazi kwa miaka mingi kabla ya miradi hiyo. Eneokazi ni nyongeza iliyowekwa juu ya seva, si sehemu ya seva.

Hesabu ya RAM. Namba zifuatazo ni za mfano kwa ajili ya zoezi. Kiini na huduma za mfumo: megabaiti 150. Seva ya X: 60. Kisimamizi cha madirisha: 10. Mazingira ya eneokazi: 500. Programu ya stakabadhi: 350.

Kwa eneokazi kamili: 150 + 60 + 10 + 500 + 350 = megabaiti 1,070.
Bila eneokazi: 150 + 60 + 10 + 350 = megabaiti 570.

Gigabaiti 1 ni megabaiti 1,024. Katika hali ya kwanza mahitaji yanazidi RAM kwa megabaiti 46. Mfumo endeshi unalazimika kuhamishia sehemu ya data kwenye diski kuu, ambayo ni polepole mno ikilinganishwa na RAM. Hapo ndipo kuganda kunapotokea. Katika hali ya pili zinabaki megabaiti 454. Prosesa ni ileile na programu ni ileile, ila mzigo umepungua.

Kwenye kompyuta halisi, usikisie. Andika amri `free -h` ili kuona RAM iliyotumika na iliyobaki, kabla na baada ya kuondoa eneokazi.

9.3 Seva iko wapi?

Kwa kawaida tukisikia neno "seva" tunafikiria kompyuta kubwa iliyo mbali, na "mteja" ni kompyuta iliyo mbele yetu. Katika mfumo wa X mpangilio ni tofauti. Seva ya X iko kwenye kompyuta yenye skrini, kwa sababu huduma inayotolewa ni skrini, kibodi na kipanya. Mteja ni programu inayoomba kuchorewa dirisha. Mteja anaweza kuwa kwenye kompyuta ileile au kwenye kompyuta nyingine katika mtandao.

Programu hujua ichore kwenye seva ipi kwa kusoma kigeu kinachoitwa `DISPLAY`. Thamani `:0` humaanisha onyesho la kwanza la kompyuta hii. Ukiendesha programu ya picha ukiwa kwenye teminali tupu ambapo seva ya X haijawashwa, programu hukataa na kusema haikuweza kufungua onyesho. Programu haijaharibika, imekosa kiwanja cha kuchorea.

9.4 Njia za kuendesha programu moja

Katika njia A hadi C tunachukulia Debian imesimikwa bila eneokazi, yaani kompyuta ikiwaka inaishia kwenye teminali yenye maandishi. Vifurushi vinavyohitajika husimikwa hivi, vyote katika mstari mmoja:

`sudo apt install --no-install-recommends xserver-xorg xinit x11-xserver-utils matchbox-window-manager firefox-esr`

Sehemu ya `--no-install-recommends` inakataza mfumo kuleta vifurushi vya ziada ambavyo hatukuviomba.

Njia A: xinit moja kwa moja

`xinit /usr/bin/firefox-esr -- :0`

Kilicho kabla ya alama `--` ni programu, na kilicho baada yake ni cha seva. Zingatia: jina la programu lianze na mkwaju au nukta, yaani njia kamili ya faili. Ukiandika `xinit firefox-esr` pekee, xinit haitaliona neno hilo kuwa ni programu. Italiunganisha na amri yake ya kawaida ya kufungua xterm, na hutapata ulichotaka.

Njia B: startx na faili la .xinitrc

Amri `startx` huwasha seva ya X, kisha husoma faili la `.xinitrc` lililo katika folda ya mtumiaji. Mistari hutekelezwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Faili likimalizika kutekelezwa, seva ya X nayo huzimwa. Kanuni hii moja inaeleza matatizo mengi, kwa hiyo ikariri.

Mfano:

```
xset s off
xset -dpms
exec firefox-esr --kiosk http://localhost/stakabadhi
```

Mstari wa kwanza unazuia skrini kufunikwa na giza kompyuta isipoguswa. Mstari wa pili unazuia skrini kuzimwa ili kuokoa umeme. Mstari wa tatu unafungua kivinjari katika hali ya kioski, yaani bila upau wa anwani wala vitufe, kikionyesha ukurasa wa stakabadhi uliohifadhiwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Neno `exec` linafanya programu ichukue nafasi ya faili lenyewe. Programu ikifungwa, faili limekwisha, na seva inazimwa.

Sasa tazama kosa hili:

```
xset s off
firefox-esr --kiosk http://localhost/stakabadhi &
```

Alama `&` inaipeleka programu nyuma na kuruhusu faili liendelee. Baada ya mstari huo hakuna mstari mwingine, kwa hiyo faili limekwisha, seva inazimwa, na programu inakufa pamoja nayo. Mtumiaji ataona skrini ikiwaka na kurudi kwenye maandishi mara moja. Kanuni: mstari wa mwisho wa .xinitrc hauwekewi `&`.

Njia C: kuongeza kisimamizi chepesi cha madirisha

Bila kisimamizi cha madirisha, mambo manne hutokea:

(i) dirisha halina fremu wala kitufe cha kulifunga, na mtumiaji hawezi kulisogeza;
(ii) dirisha hutokea mahali na kwa ukubwa ambao programu yenyewe imeuomba, mara nyingi kwenye kona ya juu kushoto;
(iii) programu ikiomba kujaza skrini nzima, huenda isifanikiwe, kwa sababu ombi hilo kwa kawaida hupelekwa kwa kisimamizi;
(iv) kikitokea kidirisha kidogo, kwa mfano cha kuuliza "Una uhakika?", kinaweza kujificha nyuma au kukosa kupokea maandishi ya kibodi.

Kwa programu yenye dirisha moja lisilobadilika, Njia B inaweza kutosha. Kwa kivinjari au programu yenye vidirisha vingi, ongeza kisimamizi chepesi. Matchbox kinafaa, kwani hulitanua kila dirisha kuu lijaze skrini:

```
xset s off
xset -dpms
matchbox-window-manager -use_titlebar no &
while true
do
  firefox-esr --kiosk http://localhost/stakabadhi
done
```

Angalia mambo mawili. Kwanza, kisimamizi kimewekewa `&` kwa sababu kipo mstari wa tatu na lazima tuendelee na mistari inayofuata. Pili, `exec` imeondolewa na mahali pake pamewekwa mzunguko. Karani akifunga kivinjari kwa bahati mbaya, au kikianguka chenyewe, mzunguko unakifungua tena. Faili halimaliziki, na seva haizimwi.

Njia D: Wayland na Cage

Wayland ni mfumo mpya zaidi ulioanza mwaka 2008 ili kuchukua nafasi ya X. Katika Wayland kazi ya seva na kazi ya kupanga madirisha hufanywa na programu moja, hivyo huwezi kuondoa tabaka la 4 na kubakiza tabaka la 3. Kwa ajili ya programu moja, kuna programu ndogo iitwayo Cage ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo tu. Amri yake ni `cage -- firefox-esr --kiosk http://localhost/stakabadhi`.

Kwa upande wa Windows, eneokazi huletwa na programu iitwayo `explorer.exe`. Yapo matoleo ya Windows yenye hali ya kioski inayomruhusu msimamizi kuchagua programu moja ifunguke badala yake. Hata hivyo mahitaji ya mfumo wenyewe hubaki: Windows 10 huhitaji angalau RAM ya gigabaiti 1 kwa biti 32 na gigabaiti 2 kwa biti 64, na Windows 11 huhitaji gigabaiti 4. Kompyuta ya karani wetu haiwezi kuwekewa Windows 11.

9.5 Umeme ukikatika

Umeme ukikatika katikati ya foleni na kurudi, nani ataandika `startx`? Karani hakuajiriwa kujua amri. Kwa hiyo kompyuta iweze kurudi yenyewe kazini kwa hatua tatu:

1. Katika mipangilio ya BIOS, chagua kompyuta iwake yenyewe umeme unaporudi, kama chaguo hilo lipo.
2. Ruhusu mfumo endeshi uingie wenyewe kwenye akaunti ya karani katika teminali ya kwanza. Akaunti hiyo isiwe na mamlaka ya msimamizi.
3. Katika faili la `.profile` la akaunti hiyo, ongeza:

```
if [ "$(tty)" = "/dev/tty1" ]; then
  startx
fi
```

Sharti la `tty1` ni muhimu. Bila sharti hilo, kila anayeingia kwenye akaunti ile, hata fundi aliyekuja kutengeneza kwa teminali ya pili, atajikuta X inajaribu kuwaka.

Kumbuka kwamba kuwaka upya hakurudishi data ambayo haikuhifadhiwa. Programu ya stakabadhi ihifadhi kila mkulima mara tu anapomalizika, wala isingoje mwisho wa siku. Kifaa cha UPS kinampa karani dakika chache za kumaliza na kuzima kwa utaratibu.

9.6 Unapata nini, unapoteza nini

*Faida*

- RAM kidogo hutumika, hivyo kompyuta ya zamani hurudi kazini.
- Kompyuta huwaka haraka kwa kuwa kuna vitu vichache vya kufungua.
- Mtumiaji mpya hafundishwi menyu. Anafundishwa kazi yake tu.
- Hakuna arifa wala michezo ya kumtoa karani kwenye mizani.
- Programu zilizosimikwa zikiwa chache, mambo ya kusasisha na kuharibika nayo hupungua.

*Hasara*

- Hakuna upau wa kuonyesha saa, mtandao au sauti. Mtandao hupangwa kwa amri.
- Flashi ikichomekwa haifunguki yenyewe, kwa sababu kazi hiyo kwa kawaida husaidiwa na eneokazi. Msipopanga njia nyingine ya kutoa nakala ya data, hakuna nakala itakayotoka.
- Hakuna kufunga skrini kwa nywila karani anapotoka.
- Tatizo likitokea, anayelitengeneza lazima ajue mstari wa amri.
- Kazi ya pili, kwa mfano kuandika barua, haiwezi kufanyika kwenye kompyuta hiyo.

*Usichopoteza.* Watahiniwa hudhani kuwa bila eneokazi hakuna kuchapa. Si kweli. Uchapaji kwenye Linux husimamiwa na huduma iitwayo CUPS ambayo hufanya kazi nyuma, na haitegemei eneokazi. Mtandao, mafaili na akaunti za watumiaji navyo vipo palepale.

9.7 Makosa ya kawaida katika majibu

1. Kusema "kompyuta haina kiolesura cha picha". Kiolesura cha picha kipo, programu inaonekana na kipanya kinafanya kazi. Kisichokuwepo ni mazingira ya eneokazi.
2. Kuchanganya kisimamizi cha madirisha na mazingira ya eneokazi. Kisimamizi ni sehemu tu. Mazingira ya eneokazi huja na kisimamizi chake pamoja na menyu, upau na programu nyingine.
3. Kudai kwamba mfumo huu ni salama kabisa. Mtu akibonyeza Ctrl+Alt+F2 anaweza kuhamia teminali nyingine. Njia hiyo inaweza kufungwa kwa kuweka chaguo la `DontVTSwitch` katika mipangilio ya seva ya X, lakini mwenye kuifikia kompyuta kwa mikono bado anaweza kuchomoa diski.
4. Kudai kwamba programu moja huzuia makosa ya karani. Karani akiandika 68 badala ya 86, kompyuta itachapa 68. Kwa bei yetu ya mfano, tofauti ya kilo 18 ni shilingi 54,000. Tiba yake ni programu kuuliza uzito mara mbili, na mkulima kusomewa uzito kabla ya stakabadhi kuchapwa. Eneokazi liwepo au lisiwepo, hatua hizo zinahitajika.

9.8 Swali la mfano na jibu lake

*Swali.* Chama cha msingi kina kompyuta moja yenye RAM ya gigabaiti 1. Mwenyekiti anataka itumike kuandikisha korosho tu. Fundi wa kwanza ameshauri inunuliwe kompyuta mpya. Fundi wa pili ameshauri eneokazi liondolewe. Mshauri mwenyekiti. (Alama 15)

*Jibu.*

Ushauri wa fundi wa pili unafaa kujaribiwa kwanza, kwa sababu zifuatazo. (Alama 1)

Kwanza, kazi ni moja. Mazingira ya eneokazi hutumika kumsaidia mtu kuchagua na kubadilisha programu nyingi. Panapokuwa na programu moja, menyu, upau wa kazi na aikoni hazina kazi. (Alama 3)

Pili, tatizo la kompyuta ni RAM. Eneokazi, seva na programu kwa pamoja vinaweza kuzidi RAM iliyopo, na mfumo ukaanza kutumia diski kuu, hivyo kuganda. Kuondoa eneokazi kunaachia RAM kwa programu yenyewe. (Alama 3)

Tatu, uwezo wa kuonyesha picha unabaki, kwani unatoka kwenye seva ya X. Uchapaji wa stakabadhi pia unabaki, kwani ni huduma inayojitegemea. (Alama 3)

Hata hivyo mwenyekiti atimize masharti haya: kuwe na kisimamizi chepesi cha madirisha ili vidirisha vya programu vionekane, kompyuta ijirudishe kazini umeme ukirudi, pawe na utaratibu wa nakala ya data kila siku, na awepo mtu anayejua mstari wa amri. (Alama 4)

Masharti hayo yakishindikana, au chama kikihitaji kompyuta hiyohiyo kwa kazi nyingine za ofisi, ndipo ushauri wa fundi wa kwanza ufuatwe. (Alama 1)

*Dokezo.* Jibu hili halikumdharau fundi wa kwanza. Limetaja ni wakati gani yeye atakuwa sahihi. Swali linaloanza na "mshauri" linataka uamuzi, sababu na masharti. Ukitoa orodha ya faida pekee, umejibu nusu ya swali.

9.9 Muhtasari

- Picha kwenye skrini ni matokeo ya matabaka. Eneokazi ni tabaka la juu linaloondoleka, ilhali seva ya X ni msingi usioondoleka kwa programu ya X.
- Seva ya X iko penye skrini, na programu ndiyo mteja.
- `startx` husoma `.xinitrc`. Faili likiisha, seva huzimwa.
- Bila kisimamizi cha madirisha, dirisha halisogezwi na vidirisha vinaweza kupotea.
- Mfumo huu hupunguza mzigo na usumbufu. Haurekebishi makosa ya anayeandika wala hauchukui nafasi ya nakala ya data.

9.10 Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti mbili kati ya kisimamizi cha madirisha na mazingira ya eneokazi. (Alama 4)
2. Mwanafunzi ameandika `.xinitrc` yenye mstari mmoja: `xterm &`. Eleza kitakachotokea akiandika `startx`, na usahihishe mstari huo. (Alama 4)
3. Kwa nini amri `xinit xterm` si sawa na `xinit /usr/bin/xterm`? (Alama 2)
4. Kompyuta ina RAM ya megabaiti 512. Kiini na huduma hutumia 140, seva 50, eneokazi 380 na programu 200. Onyesha kwa hesabu kama programu itafanya kazi bila kutumia diski kuu (a) pamoja na eneokazi, (b) bila eneokazi. (Alama 4)
5. Maktaba ya shule yenu ina kompyuta moja ya kutafutia vitabu. Eleza jambo moja la kiusalama na jambo moja la kimatumizi la kufikiria kabla ya kuondoa eneokazi. (Alama 4)

Majibu kwa ufupi

1. Kisimamizi hupanga mahali, ukubwa na fremu za madirisha tu, ilhali eneokazi huongeza menyu, upau wa kazi, aikoni na mipangilio. Kisimamizi kinaweza kufanya kazi peke yake, ilhali eneokazi huhitaji kisimamizi ndani yake.
2. Skrini itawaka na kuzimika mara moja, kwa kuwa `&` inaruhusu faili limalizike na seva izimwe. Sahihi: `exec xterm`.
3. Bila mkwaju au nukta mwanzoni, xinit hulichukulia neno kuwa nyongeza ya amri yake ya kawaida, si jina la programu.
4. (a) 140 + 50 + 380 + 200 = 770; inazidi 512 kwa 258, hivyo haitawezekana. (b) 140 + 50 + 200 = 390; zinabaki 122, hivyo itawezekana.
5. Usalama: mtumiaji kuhamia teminali nyingine, au kompyuta kujiingiza kwenye akaunti yenye mamlaka makubwa. Matumizi: nani ataitengeneza ikikwama, au nakala ya orodha ya vitabu itatolewaje. Jibu lolote lenye sababu linakubalika.